Re: Je, bastola yenye leseni hutuliza fujo za barabarani?

Ndugu, umeuliza kama dereva wa hapa Nakuru mwenye bastola halali yuko salama zaidi, kwa kuwa mkorofi atamwogopa. Mimi nasema hapana.

Tishio huzuia likijulikana. Bastola iko kiunoni chini ya koti. Huyo matatu anayekuchomekea pale Section 58 hajui kama unayo. Ili ajue lazima uionyeshe, na hapo ugomvi wa rangi iliyokwaruzwa umeshageuka kuwa wa kufa na kupona. Naye akiwa na yake je?

Mwaka 2006 David Hemenway wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti kuhusu madereva wa Marekani. Waliosema huwa na bunduki garini ndio waliokiri zaidi kuwatolea wengine ishara za matusi au kuwafuata nyuma kwa ukali. Pengine silaha haiwachochei, bali wenye hasira ndio hupenda kuzibeba. Vyovyote iwavyo, upole sikuuona hapo.

Isitoshe, kwetu Kenya kubeba silaha si haki ya kila raia kama kwao. Ni kibali cha bodi ya leseni, na kinaweza kufutwa.

Ukifuatwa usiku kutoka Gilgil, tafadhali usishuke garini. Funga milango, kariri namba ya gari lake, uendeshe moja kwa moja hadi kituo cha polisi au petroli penye watu.