Kukimbia Ngong hakukukingi na Mlima Kenya

SWALI: Daktari, hujambo? Mimi hukimbia kilomita 21 bila shida na vilima vya Ngong huvimaliza bila kupumzika. Mwezi ujao kundi letu litapanda Mlima Kenya kwa siku tatu: tutaingia lango la Sirimon, tulale kambi ya Old Moses, usiku wa pili kambi ya Shipton, kisha alfajiri kilele cha Lenana na kushukia njia ya Chogoria. Kiongozi anasema mtu mwenye mazoezi kama yangu hahitaji Diamox, ile dawa ya kukinga ugonjwa wa mwinuko, nibebe tu Panadol na mkebe wa oksijeni. Ni kweli? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Diamox tutaifikia. Kwanza hili la mazoezi, maana kila kiangazi naletewa vijana wenye vifua vya wanariadha, wakikohoa na kuyumba, na wote wana swali moja: “Lakini daktari, mimi niko fiti!”

Hewa ya Lenana, mita 4,985, ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Kasarani. Kinachopungua ni shinikizo: kule ni karibu nusu ya lile la Mombasa. Mwili hujitetea kwa kupumua haraka, lakini ukipumua haraka unapoteza kaboni dayoksaidi, damu inaelemea upande wa alkali, na ubongo unaizuia pumzi isizidi. Wa kurekebisha hapo ni figo, kwa kutoa alkali hiyo (bikaboneti) kwenye mkojo, nazo huchukua siku kadhaa. Ngong hazikufundishi figo kazi hiyo. Hata Longonot, mita 2,776, iko chini ya kitanda chako cha kwanza pale Old Moses, mita 3,300.

Miguu imara ndiyo inayokuponza. Inakufikisha Shipton, mita 4,200, kabla damu haijajua umeondoka Nairobi. Mwenzako mzito, anayesimama kila baada ya hatua chache, huenda akawa salama kuliko wewe kwa sababu tu hana haraka. Tena wewe mwanamichezo ukiumwa kichwa utanyamaza, uone aibu.

Ukivuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Ratiba yenu inaruka 900. Ongezeni siku mbili, ili wastani wa kila usiku usizidi hizo 500: lala Old Moses mara mbili, na Shipton mara mbili. Siku ya mapumziko pale Shipton, panda taratibu hadi Simba Col, mita 4,620, kisha rudi ulale chini. Baada ya hapo Lenana, halafu Chogoria.

Diamox huzisukuma figo zifanye kazi ile niliyoieleza, basi. Kwa kinga, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Utakojoa sana na vidole vitakuchonyota. Kama una mzio wa dawa za salfa au tatizo la figo, muone daktari kabla ya kuinunua. Haifuti hesabu ya mita 500.

Mkebe wa oksijeni huisha kwa dakika chache. Acha nyumbani, beba glavu. Panadol si dhambi, dhambi ni kuimeza ili uendelee kupanda. Kibaya zaidi ni wale wanaogawa deksamethasoni kambini kama peremende. Dawa hiyo inaficha dalili bila kuuzoesha mwili mwinuko. Ikiisha nguvu ukiwa juu, ugonjwa unarudi. Ni dawa ya dharura, wakati mgonjwa anateremshwa.

Wanaouza safari za Ijumaa hadi Jumapili wanajua haya yote, ila siku ya ziada ni chakula, wapagazi na ada za hifadhi, na bei ikipanda wateja wanakimbia. Basi kabla ya kutuma pesa, yeyote anayekuuzia mlima muulize ni nani atakayeshuka na mgonjwa saa nane za usiku, na kundi litabaki na nani. Muulize pia dalili za kuteremka bila mjadala: kuhema hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kuchanganyikiwa, au kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kikigusa vidole. Akikujibu kwamba watu wake hawaumwi, usimtumie hata shilingi.