Nilimkana mjomba wangu stendi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 17, nasoma kidato cha nne hapa Mtwara mjini na nakaa kwa dada yangu. Kwetu ni Newala. Mjomba wangu ndiye mkubwa wa ukoo, ndiye anayetambika na kutunza vinyago vya midimu, vile vinavyovaliwa kwenye ngoma za jando. Sare, madaftari, hata godoro ninalolalia, vyote kanunua yeye kwa hela ya korosho. Sasa amezeeka. Anataka mwezi wa kumi nirudi tuokote korosho, kisha anikabidhi hivyo vitu. Mimi nataka kusomea umeme nikaishi Dar. Rafiki zangu wanasema mambo hayo ni ushirikina na ushamba, na mimi sioni faida ya miti mikuukuu. Mwezi wa tano alikuja kutibiwa, akanikuta stendi na wenzangu. Wakaniuliza ni nani, nikasema jirani wa kijijini. Alisikia. Hakusema neno. Tangu siku ile simu zake sipokei. Nifanye nini?*
*Mpwa, Magomeni, Mtwara*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimekwama hapo hapo stendi.

Umeniuliza habari za kijiji na mji, lakini simu huzipokei kwa sababu ya lile neno "jirani". Mzee ametoka Newala mgonjwa, amemwona mtoto aliyemlea, moyo umemchangamka, halafu akasikia vile. Nakuambia hivi bila kukupamba kwa sababu nakuona unaumia, na mtu asiyejali asingeniandikia.

Wasomaji wa mikoa mingine wajue kidogo ukubwa wa neno hilo. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na majirani zetu Wamwera, Wayao na Wamakua ni hivyo hivyo. Watoto wa kuzaa wa mjomba wako ni wa ukoo wa mama yao. Anayemrithi yeye ni mtoto wa dada yake, yaani wewe. Kwa hiyo aliposikia "jirani", alisikia mrithi wake akijitoa kwenye ukoo mbele ya watu.

Sasa hiyo "miti mikuukuu". Mimi ni mwanamke, mambo ya kumbi za jando na ya vinyago si yangu na siyaulizi. Ninachojua ni nilichokiona nikiwa mtoto: wali, yaani vijana waliotahiriwa, wametoka jandoni, ngoma zinalia, midimu inaingia uwanjani, na sisi wasichana tunakimbia tukipiga kelele kwa sababu tumeambiwa huyo si mtu, ni mzimu umefufuka. Ukubwani nimejua kwamba lipiko, yaani kinyago cha kuvaa kichwani, huchongwa kwa mti mwepesi, si mpingo kama vile vinyago vya kuuzia watalii, kwa sababu anayelivaa lazima aweze kucheza nalo. Mwaka 1984 lipiko moja liliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Likaja kuonekana kwenye jumba la makumbusho Geneva, Uswisi, na mazungumzo yakachukua miaka mingi mpaka likarudishwa Tanzania mwaka 2010. Watu wazima wa nchi mbili walikaa mezani kwa ajili ya kitu kama hicho anachokitunza mjomba wako. Wenzako wa stendi hawakuyajua hayo, na wewe hukuwaambia.

Kuhusu ushirikina, hujaniambia unasali wapi, lakini sikuombi uende kinyume na imani yako. Kama moyo wako haukubali kumwaga unga na kuita majina ya waliokufa, mwambie hivyo kwa adabu, usoni. Wazee wetu wengi wanaswali au wanakwenda kanisani na bado wanatambika, si mara ya kwanza kusikia hoja hiyo. Ila usiifanye dini kuwa kisingizio cha kukwepa na vingine. Kujua majina ya mababu zako, kujua mpaka wa shamba uko kwenye mkorosho upi, kujifunza mapigo ya ngoma, hayo hayana ugomvi na msikiti wala kanisa.

Halafu nimerudia kusoma maneno yako. Mjomba amesema anataka kukukabidhi. Hujaandika popote kwamba amekukataza umeme au Dar. Hilo umelijaza mwenyewe, kwa hofu. Muulize anataka nini hasa. Huenda anachotaka ni mtu wa kujua na kusimamia, na wa kurudi siku za shughuli. Huenda wako wadogo zako, watoto wa mama mdogo, wanaoweza kushika ngoma wakati wewe uko chuoni. Na kama kweli anataka ukae Newala maisha yako yote, una haki ya kukataa. Kataa kama mpwa wake, si kama jirani.

Mwezi wa kumi usiende. Mtihani wako ni Novemba, na mtu hawezi kushinda chini ya mikorosho akasoma usiku. Anza na mama yako leo jioni, maana yeye ni dada mtu na neno lake kwa kaka yake lina uzito kuliko langu na lako. Mweleze na la stendi, usilifiche. Kisha mpigie mjomba mwenyewe: "Shikamoo mjomba. Nina mtihani Novemba, nikimaliza nakuja. Nimekukosea, nataka nikuombe radhi nikiwa mbele yako." Usiongeze maelezo ya wenzako walikuwaje. Akinyamaza, nyamaza naye, usikate simu.

Na muulize mama kama mzee ana tarehe ya kurudi hospitali. Siku hiyo uwe stendi kabla basi halijaingia, umpokee mfuko.