Shangazi, mume wangu hana kesho

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini. Nashona sare za shule na nguo za shughuli. Mume wangu anaendesha Canter ya tajiri, anabeba mboga kutoka Nyandira kule Mgeta kupeleka Dar es Salaam. Hanipigi, hana mwanamke mwingine ninayemjua, na watoto wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi. Tatizo lake ni moja: hela ikiingia leo, kesho haipo. Akirudi kutoka Dar anapitia nyama choma, analipia mpaka meza ya jirani, anamchangia kila mwenye shida. Nikimwambia tuweke, ananijibu, "Ponda mali, kufa kwaja."

Mimi niko kwenye kikoba, nanunua hisa kila wiki, sikosi. Miaka mitatu iliyopita tulipovunja kikoba nikanunua kiwanja Kihonda, na msingi nimeshauweka. Mume wangu hajui. Naogopa akijua atasema tuuze. Kwa ajili ya kiwanja hicho sinunui nguo, sherehe siendi, na nyama hailiwi hadi ailete yeye. Mwezi uliopita binti yetu wa darasa la nne aliomba elfu ishirini ya safari ya shule kwenda Mikumi. Nikamwambia huo ni mfuko wa saruji. Baba yake akampa, tukagombana mbele ya mtoto.

Tunaishi kwa baba mkwe. Yeye naye anaishi zamani tu. Alikuwa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kutwa yuko barazani na bahasha yake ya barua za kudai mafao. Nyumba yenyewe hakuimaliza, nyuma kuna vyumba viwili vya kuta tupu, mpapai umeota ndani.

Nimechoka. Nataka mapato yake yote yapitie mkononi mwangu, na akikataa nihamie Kihonda hata kwenye banda la mabati. Nimekosea?

Mama wa Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, maana unaonekana katika kila mstari.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila nikisoma nakwama kwenye ule mpapai. Umeutaja kwa kupita tu, mwishoni, kama mtu anayetaja rangi ya mlango. Mimi nadhani ugomvi wenu wote umeanzia humo.

Hebu tuupige hesabu utoto wa mumeo. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Watanzania waliokuwa watumishi wake, wa reli, bandari, posta na kwingineko, walidai mafao yao kwa zaidi ya miaka ishirini. Kesi zikafika mahakamani, wazee wakawa wanasafiri na bahasha zao kwenda Dar kusikilizia na kurudi. Kama mumeo ana miaka arobaini na kitu, amezaliwa na kukulia katikati ya kusubiri huko. Hakuna haja ya kuwepo kwenu kujua alichokuwa anasikia mezani: mafao yakitoka tutaezeka, mafao yakitoka utaenda shule ya maana, mafao yakitoka mama atapelekwa hospitali kubwa. Akitoka uani anakuta kuta mbili zinaota ukungu, na mti unazidi urefu wake. Mtoto huyo nani alimfundisha kwamba kesho ni kitu cha kutegemewa?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio dogo walilofanya na watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kila mtoto alipewa kalamu za rangi zilizochakaa, akaambiwa akisubiri ataletewa nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Kwa nusu nyingine, mtu mzima alirudi mikono mitupu: samahani, kumbe hatuna. Wakarudia vivyo hivyo kwa stika. Ndipo kila mtoto akawekewa peremende laini moja mezani, akaambiwa akivumilia bila kuigusa atapewa ya pili. Waliotimiziwa ahadi walivumilia kwa wastani wa dakika 12. Walioahidiwa wasipewe, dakika 3.

Hawa wa dakika 3 hawakuwa walafi kuliko wenzao. Walikuwa wamejifunza upesi kwamba katika chumba hiki kilicho mkononi ndicho chako. Mumeo alijifunza hivyo kwa utoto mzima, tena kutoka kwa baba ambaye hakuwa mwongo. Naye alikuwa ameahidiwa. Kwa hiyo unapomwambia "tuweke," usishangae akicheka. Anasikia sauti ya miaka ile.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Philip Zimbardo na John Boyd, walichapisha mwaka 1999 dodoso la maswali 56 la kupima mtu anaishi zaidi upande gani wa wakati. Wakakuta pande tano. Kuna anayeitazama jana kwa furaha na anayeitazama kwa kidonda. Kuna anayeishi leo kwa sababu ya raha yake, na kuna anayeishi leo kwa sababu ameshakata tamaa kwamba lolote analofanya litabadilisha kitu: liwalo na liwe. Wa tano ni wewe, wa kesho.

Nataka usimame kwenye hao wawili wa leo, maana kwa nje wanafanana. Wote utawakuta kwenye nyama choma. Ila wa raha anakula kwa sababu nyama ni tamu, na wa liwalo na liwe anakula kwa sababu haoni kitu kingine cha kufanyia hela hiyo. Mtu anayelipia meza ya jirani, anayemchangia kila mwenye shida, anayemkumbuka binti yake na safari ya Mikumi, huyo hapotezi hela hovyo. Anaiweka mahali pekee alipowahi kuona inakaa: kwa watu. Siku akiugua barabarani, hao wa meza ya jirani ndio watakaompigia simu tajiri na kumsukuma mpaka zahanati. Hiyo nayo ni akiba, ingawa haina daftari.

Kuna watakaokuambia ndivyo tulivyo sisi. Hata msomi mkubwa wa Kenya, Mchungaji John Mbiti, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika kuna sasa na zamani, na wakati ujao karibu haupo. Namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye, na wanafalsafa wengine wa Afrika walimpinga pia. Anayepanda mnazi anajua atangoja miaka mingi kabla ya kuangua dafu la kwanza, na babu zetu wa pwani wamepanda minazi tangu hapo. Watu wetu kesho wanaijua. Wanachouliza ni nani ameshika neno lake.

Sasa nije kwako, na hapa naomba unisikilize kama mama.

Kikoba, kiwanja, msingi, vyote hivyo kwa cherehani! Nakupongeza kwa moyo wote, na kwa jina lako kuwa kwenye karatasi za kiwanja hujavunja chochote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Lakini kwenye safari ya Mikumi ulikosea, na baba yake alikuwa sahihi. Mikumi iko mkoani kwenu, magari ya watalii yanapita hapo mjini kila siku, na binti yako ana miaka tisa au kumi mara moja tu. Saruji utaikuta dukani wiki ijayo. Kilichoniuma zaidi ni jibu lenyewe ulilompa. Umemwambia mtoto, kwa lugha yako, kile kile ambacho baba yake aliambiwa utotoni: si sasa, kuna nyumba inakuja. Nyumba ikija kweli, vizuri. Ila yeye leo anaona tu kwamba kila anachoomba kinamezwa na kitu asichokijua, maana Kihonda hajawahi kupaona. Ukiendelea hivyo utalea mmoja kati ya wawili: mbahili asiyejua kucheka, au mponda mali kama baba yake. Mwombe radhi. Mtoto huombwa radhi, na hakupungukii kitu.

Halafu ile siri. Unamlalamikia mume kwamba haioni kesho, na kesho umeifungia kabatini. Miaka mitatu! Naielewa hofu yako ya kuuziwa, wapo wanawake wengi iliyowatokea, na ndiyo maana sikwambii ubadilishe jina kwenye karatasi. Nakwambia umwonyeshe. Mpeleke asimame juu ya msingi, aguse tofali. Huenda ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuona kitu kilichoahidiwa kikawepo.

Kuhusu kumnyang'anya mapato, hapana. Na sikatai kwa sababu ya heshima ya mwanaume peke yake, ingawa nayo ipo. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi magharibi mwa Kenya na wanachama wa vyama vya kuzungushiana fedha, matokeo yakatoka mwaka 2013. Baadhi walipewa kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukizia hela, na ufunguo wao wenyewe, wakaambiwa waweke humo ya mambo ya afya. Wengine walipewa kisanduku hicho hicho, ila ufunguo akakaa nao mtu wa mradi. Ungetegemea waliofungiwa ndio wangefanikiwa zaidi. Ikawa kinyume: wenye ufunguo mkononi ndio waliotumia zaidi kwenye vitu vya kinga kama vyandarua, na kwa hao wengine hakukuonekana tofauti ya maana. Mtu hupenda kuweka pale anapojua siku ya dharura atafungua. Hata sanduku la kikoba chenu, na kufuli zake tatu, linafanya kazi kwa sababu mlikwenda wenyewe kwa miguu yenu. Ukimshikia mumeo hela zote atazificha Dar kabla hajavuka Chalinze, na mtakuwa wawili wenye siri.

Linalowezekana ni kuiwahi hela ikiwa bado ipo. Huko huko magharibi mwa Kenya, Busia, palikuwa na mradi ulioitwa SAFI. Wakulima walifuatwa nyumbani mara baada ya kuvuna, wakati mfukoni kuna kitu, wakauziwa mbolea ya msimu unaofuata kwa bei yake ya kawaida na kuletewa bila nauli. Wanunuzi wakaongezeka, kwa sababu wakingoja mpaka msimu wa kupanda, hela inakuwa imeshakwenda. Mumeo siku yake ya mavuno ni kila anaposhusha mzigo Dar. Mkubaliane kiasi, kidogo, kisichomnyima nyama choma yake, akitume kwa simu akiwa bado sokoni.

Kiende wapi? Hapa utanishangaa. Kisiende Kihonda. Kiende kwenye kile chumba chenye mpapai.

Anzeni na kimoja tu. Fundi aje apime, aseme bati ngapi na mbao ngapi, na orodha ibandikwe ukutani ambapo kila mtu anapita. Likinunuliwa bati, watoto walione linaingia. Kihonda ni mbali na ni kubwa, inahitaji imani ya miaka, na imani hiyo mumeo bado hana. Chumba kimoja kinaweza kwisha katika miezi michache, kwa hela yake na yako. Kikiezekwa, mtoto wa miaka ile aliye ndani ya mumeo atakuwa amelipwa deni lake la kwanza, na ukimtajia Kihonda atakusikia kwa masikio mengine. Najua unaona ni kurudi nyuma, kumwaga hela kwenye nyumba ya mkwe. Mimi naona ndiyo njia fupi ya kufika kwenye nyumba yako.

Na mzee umtendee haki. Unasema anaishi zamani, lakini zamani zake ni mbili. Moja ni ile bahasha. Nyingine ni reli yenyewe, kazi aliyoijua na kuionea fahari, na kuta alizosimamisha kwa mshahara wake kabla mambo hayajaharibika. Barazani mnamwacha na bahasha. Siku fundi akija, mwite yeye asimamie, maana ramani ya vyumba hivyo anayo kichwani. Muulize mbele ya mwanawe alitaka kuweka nani kila chumba. Mumeo pengine hajawahi kusikia kwamba kimoja kilikuwa chake.

Yote haya nimeyasema kwa sababu umeniambia hakupigi na watoto wanapendwa. Ingekuwa kuna kipigo, au watoto wanalala njaa huku baba yao yuko baa, ningekwambia leo hii funga mizigo uende kwenu.

La banda la mabati liache kwanza. Mumeo akirudi usimwanzie usiku ule ule, atakuwa amechoka na barabara na atakujibu kwa ule msemo wake. Subiri apumzike, tafuteni asubuhi moja, pandeni bodaboda wawili mpaka Kihonda. Njiani usimweleze kitu. Mkifika, mwambie ulinunua lini, kwa hela gani, na kwa nini ulimficha, hilo la mwisho ulitamke bila kujitetea. Halafu umwache aseme yake mpaka amalize. Akisema tuuze, mjibu kwamba hakiuzwi, na kwamba hukumleta kuomba ruhusa, umemleta kwa sababu ni mumeo. Chumba mzungumzie siku nyingine, mzee akiwepo.