Gari linalochemsha kwenye foleni
Ndugu, umeeleza kuwa gari lako huchemsha kwenye foleni lakini hupoa likishika mwendo, na kwamba fundi anataka kuondoa thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji ya kupoza injini yapite. Dalili hiyo inaelekeza kwanza kwenye feni ya rejeta, kwa sababu gari likiwa mwendoni upepo wenyewe huipoza rejeta, ilhali likisimama kazi hiyo hubaki kwa feni peke yake. Injini ikiwa imepoa kabisa, hakikisha maji yamejaa, kisha iwashe na uiache ingurume hadi ipate moto. Feni isipozunguka, kagua fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha), sensa ya joto na mota ya feni. Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta yenye moto.

Thamostati nisingekubali iondolewe, ingawa ni mazoea ya gereji nyingi. Itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto jikoni, na ikiwa nzima itafunguka kabla maji hayajatokota. Ningehofu zaidi iwapo maji yanapungua bila kuvuja popote, au oili imegeuka rangi ya maziwa, kwani hapo huenda gasketi ya silinda hedi, yaani kiziba kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku yake, imeungua, na gari livutwe hadi gereji badala ya kuendeshwa.