Edita ya kuandikia msimbo wa wavuti, anza na mashine yako

Swali la nitumie edita gani naulizwa sana na wanaoanza HTML na JavaScript, na mi huwa sijibu jina la programu, namuuliza mtu kwanza laptopu yake ina RAM kiasi gani na anatengeneza nini.

Nilianza na RAM ya 4GB. Nikainstoli VS Code kwa sababu kila video niliyokuwa naangalia wanaitumia, na kweli ni edita nzuri, ipo tangu 2015, ni ya bure, Emmet ya kuandika HTML kwa vifupisho imo, Git ya kutunza historia ya msimbo imo, terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, imo. Ila kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba imejengwa kwa Electron, yaani ndani yake kuna Chromium, brauza ambayo Chrome imejengwa juu yake, kwa hiyo ukiifungua ni kama umefungua brauza nyingine kabisa, na wewe mtu wa wavuti lazima brauza yako iwe wazi pembeni na seva ya majaribio nayo iwe inazunguka, hapo 4GB inabaki nini? Juu yake nikapakia ekstensheni, yaani programu ndogo za nyongeza, kama 40 hivi, za rangi, za ikoni, za lugha ambazo sijawahi kuziandika hata siku moja. Ikafika mahali nabonyeza herufi inachelewa kutokea, na miezi yote hiyo naamini laptopu ndo imechoka.

Siku moja nikaandika kwenye terminali code --disable-extensions, yaani ifunguke bila ekstensheni, edita ikafunguka nyepesi kabisa. Basi nikajua. Na humo ndani kuna amri inaitwa Start Extension Bisect, watu wengi hawaijui, inazima nusu ya ekstensheni halafu inakuuliza tatizo bado lipo au limeisha, unajibu, inagawa tena nusu, mpaka inamfikia mhusika. Kwa ekstensheni 40 ni maswali sita hivi. Sasa hivi ninazo tatu tu, Prettier ya kupanga muonekano wa msimbo, ESLint ya kuonyesha makosa ya JavaScript, na EditorConfig ya kuweka mipangilio ya edita kwenye mradi, na sijakosa kitu.

Kama mashine ni dhaifu zaidi jaribu Sublime Text, inafunguka haraka sana, ni ya kulipia ila kuijaribu hawajaweka kikomo cha siku. Edita ya WebStorm ya JetBrains tangu Oktoba 2024 ni bure kwa kazi zisizo za kibiashara, ukibadilisha jina la fanksheni inalifuata kwenye mafaili yote ya mradi vizuri mno, lakini chini ya 8GB mi sikushauri.

Vim, edita ya ndani ya terminali, jifunze kidogo hata kama huipendi. Niliwahi kuingia kwenye seva usiku, tovuti imeanguka, kuna mstari mmoja tu wa kurekebisha na edita iliyopo ni vi peke yake, ile ya zamani ambayo Vim imetokana nayo, nikakwama hata kusevu sijui. Andika vimtutor kwenye terminali, nusu saa hivi unakuwa umeshajua i ya kuanza kuandika, Esc ya kutoka huko, na :wq ya kusevu na kufunga.

Halafu mipangilio yako usiiache yote ndani ya edita. Edita ya Atom ilikuwa na watu wengi sana na bado GitHub, wenye nayo, waliifunga Disemba 2022. Ukiweka faili la .editorconfig na la .prettierrc kwenye folda ya mradi, mambo ya nafasi mbili au nne mwanzo wa mstari, nukta mkato iwepo au isiwepo, yanabaki na mradi hata ukihama edita kesho, na mwenzako anayetumia edita nyingine msimbo wake unatoka sawa na wako.

Ukitaka kulinganisha, usitumie faili jipya tupu maana hapo zote ni nyepesi. Fungua mradi wako mkubwa kuliko yote, ule wenye node_modules (folda ya maktaba za JavaScript) iliyojaa, washa seva na brauza, tafuta neno moja kwenye mafaili yote, badilisha jina la fanksheni, huku umefungua kipima matumizi ya RAM pembeni unaangalia namba inapanda mpaka wapi.