Sarafu ya wazi au iliyopewa daraja?

Umeuliza kama ununue sarafu za wazi au zile zilizopimwa ubora na kampuni, zikapewa daraja na kufungiwa kwenye kasha la plastiki. Usiamue kwa mkusanyiko wote. Amua sarafu kwa sarafu.

Gharama ya kupimiwa ubora ikikaribia bei ya sarafu yenyewe, nunua ya wazi. Kasha lina faida pale hatua moja ya daraja, mathalani kutoka 64 hadi 65 katika kipimo cha 1 hadi 70, inapopandisha bei sana, au aina hiyo inapoghushiwa mara kwa mara. Lakini makasha nayo hughushiwa, hata ya PCGS na NGC, kampuni kubwa za kupima sarafu. Ingiza namba ya cheti iliyo kwenye kasha katika tovuti ya kampuni, na kama kuna picha, ilinganishe na sarafu yako alama kwa alama.

Ya wazi inataka jicho. Ishike ukingoni, igeuzegeuze chini ya taa moja, itazame kwa lenzi ya kukuza mara 5 hadi 10. Sarafu ambayo haijatumika, mng'ao wake huzunguka unapoiinamisha. Iliyosuguliwa huwa na mikwaruzo myembamba sambamba, na hiyo kampuni haitaipa daraja la namba. Kisha ipime: dola ya Morgan ya Marekani ina gramu 26.73 na kipenyo cha milimita 38.1. Kuchakaa hupunguza uzito kidogo tu, kwa hiyo tofauti ya gramu nzima itie shaka.

Tafadhali usiisafishe kabla ya kuipeleka kwa kampuni ipewe daraja. Vifuko vya plastiki aina ya PVC viepuke pia, huacha utando wa kijani unaokula metali.