Nilivyouza "Zanzibar ya Kigoma" nikala hasara

Juzi dogo mmoja wa Tabora kanitumia meseji, anataka kuhamia visiwani akaanze kutembeza wageni, anauliza, "Kaka, ninunue boti kwanza au nifungue kwanza ukurasa wa Instagram?" Nimeisoma mara tatu, maana na mimi nilianzia kwenye boti.

Niliikodi pale Kibirizi, nikatengeneza matangazo ya "Zanzibar ya Kigoma", picha za mchanga, minazi, viti vya kulalia. Wakaja wageni kumi na moja kutoka Dar. Siku ya pili ukavuma upepo wa kusini, ziwa likachafuka, kuogelea hakuna, watu wamekaa mchangani wananiuliza hiyo Zanzibar iko wapi. Wakagoma kumalizia hela. Deni lile nimelilipa mwaka na nusu na mpaka leo likinijia moyo unauma, kwa sababu Gombe iko hapohapo kaskazini mwetu, dunia nzima inaijua tangu Jane Goodall aje kuwasoma sokwe 1960, na mimi sikuwapeleka, nilijua sokwe ni mambo ya wazungu.

Baadaye nikaenda Mafia kwa jamaa yangu. Aisee! Pale Kilindoni kuna papa potwe, samaki mrefu kama Kosta halafu chakula chake ni vidudu vidogo vya majini, ndo vinavyomsogeza karibu na ufukwe kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi. Basi manahodha, gesti, mama ntilie, wote wanahesabu miezi kwa huyo samaki, na sikusikia mtu anamwahidi mgeni disko.

Nikapitia Unguja. Nungwi maji yakipwa hayaendi mbali, unaogelea karibu muda wote, ndo maana mahoteli yamebanana kule. Paje yanakimbia mpaka unatembea kwa miguu kati ya mashamba ya mwani ya kina mama, ungesema hii hasara, kumbe hayo maji mafupi yaliyokingwa na mwamba wa matumbawe, ukichanganya na upepo wa kaskazi na kusi, ndo yanaleta watu wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara, kutoka Ulaya. Kisiwa kimoja, wageni tofauti kabisa!

Kwahiyo mdogo wangu sikiliza, mahali penyewe ndo panachagua mgeni, msimu, mpaka aina ya boti. Usifike na mgeni wako kichwani. Na ukishajua kinacholeta watu, kilinde kuliko hela yako, papa potwe haguswi, matumbawe hayakanyagwi hata mteja akilia. Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, walifunga uvuvi kwenye mwamba wao, ni hifadhi tangu 1994, wageni wanapokelewa wachache wachache, na hayo matumbawe ndo yanayowafanya watu wafunge safari.

Mimi siku hizi nawapa wageni miwani ya kuzamia asubuhi ziwa likiwa limetulia, wanaona visamaki vya rangi kwenye mawe, vingi havipo popote duniani zaidi ya Tanganyika, kesho yake Gombe. Matangazo ya minazi nilichoma yote. Mwezi uliopita kuna familia imerudi mara ya pili, wametoka hukohuko Dar.

Boti usinunue, na Instagram iache kwanza. Nenda Kilindoni Novemba, omba kazi ya kubeba maboya kwa nahodha yeyote, kaa mpaka kusi ianze, halafu niandikie tena.